Gari letu kubwa halivuti mlimani: tatizo ni injini ndogo?

SWALI

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mama wa watoto wanne. Ukijumlisha mume wangu na mama mkwe tunakuwa saba, ndiyo maana mwaka jana tulinunua gari kubwa la viti saba. Injini yake ni ya petroli, lita 2.7, silinda nne, haina tabo (ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), na gia zake ni otomatiki za hatua nne. Karatasi zake zinaonyesha nguvu farasi 160 na uzito wa kilo 2,050 likiwa tupu.

Kwa mizunguko ya kila siku sina malalamiko makubwa. Nawashusha watoto shule, naenda kazini, dakika 40 hivi. Tatizo ni safari ndefu tunayokwenda kila mwezi. Barabara ni nyembamba, magari yanapishana, milima haiishi, na sehemu yake kubwa iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari.

Safari iliyopita nilikuwa nyuma ya lori lililokuwa likipanda kwa spidi ya 70 kasoro. Nikaona mbele kweupe, nikawasha indiketa, nikatoka, nikakanyaga mafuta. Gari likabaki vilevile. Mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, uliganda kwenye 2,300, injini inaunguruma lakini haivuti. Baadaye gia ikashuka kwa mshtuko, mshale ukaruka hadi 3,700 hivi, kelele zikajaa ndani, na bado spidi ikawa inapanda kwa kusuasua. Nilikuwa ubavuni mwa lori, sambamba na tairi zake za katikati, gari jingine lilipochomoza kwenye kona. Nilipiga breki nikarudi nyuma ya lori. Mama mkwe alikuwa amemshika mjukuu mkono, na hakutamka neno hadi tulipofika. Tangu siku hiyo nikikuta lori mlimani viganja vinalowa jasho.

Nikueleze pia kwamba baada ya kulinunua, mume wangu alibadilisha tairi. Zilikuwa 265/65 R17, akaweka 285/70 R17 ili gari lisimame vizuri. Na tuna keria juu ambayo haijawahi kushuka tangu ifungwe.

Shemeji ananiambia niliuze nichukue V8, yaani lenye injini ya silinda nane, eti gari zito bila injini kubwa ni kujitesa. Fundi wetu anasema ataing'oa hii injini na kuweka kubwa kwenye bodi hilihili. Mwenzangu kazini ana gari kubwa kama langu, injini ya lita 2.0 yenye tabo, na anaapa kwamba mlima haulisumbui. Huyo ndiye simwelewi kabisa. Lita mbili si injini ya gari dogo? Nimsikilize nani?

Mama wa wanne

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza, kurudi nyuma ya lori ulifanya vyema kabisa. Dereva akishafika ubavuni huona aibu kurudi, anakazana kumaliza alichoanza, na hapo ndipo watu hupotea. Wewe ulipiga breki. Shika hilohilo.

Sasa tuje kwenye injini. Shemeji yako hajakosea sana, ila anahesabu CC, kitu ambacho mguu wako hauhisi. CC ni nafasi ambayo pistoni zote hufagia ndani ya silinda zinapopanda na kushuka, basi. Lita 2.7 ni CC 2,700. Nafasi hiyo inakuambia injini inaweza kuvuta hewa kiasi gani, kwa sababu mafuta hayawaki bila hewa. Lakini hewa nyingi hupatikana kwa njia tatu: chumba kikiwa kikubwa, injini ikizunguka kwa haraka zaidi, au hewa ikisukumwa ndani kwa tabo. Mtu anayetazama CC peke yake anaiona njia ya kwanza tu.

Na hata ukijua nguvu zote za injini, bado hujajua gari litakavyokwenda. Unapokanyaga mafuta kulipita lori, unachohisi mgongoni ni nguvu zilizobaki baada ya gari kujilipia gharama zake: upepo, msuguano wa tairi, na mlima. Kama gharama zimekula karibu kila kitu, unabaki na kelele, kama zile zilizojaa ndani ya gari lako.

Nimepiga hesabu ya gari lako. Ni makadirio, lakini hayako mbali na ukweli. Mkiwa saba na mizigo, kilo zinafika 2,600. Nguvu farasi 160 ni kilowati 120 hivi. Ukitoa zinazopotea njiani kwenye giaboksi na difu, na ukikumbuka kwamba injini haifanyi kazi kwenye kilele chake muda wote, tairi zinapata wastani wa kilowati 85. Kwenye tambarare, kati ya spidi 80 na 110, upepo na tairi vinakula 20. Zinabaki 65, na kwa hizo gari lako litatoka 80 hadi 110 kwa sekunde 9 hivi. Si haraka, lakini unaishi nazo.

Weka mlima sasa, ule wa kupanda mita 6 kwa kila mita 100 unazokwenda. Kuinua kilo 2,600 kwa spidi hiyo kunadai kilowati 40 zaidi. Ziada yako inashuka hadi 25, na zile sekunde 9 zinakuwa 23. Halafu ongeza mwinuko, yaani urefu wa mahali juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,500 umepoteza asilimia 15. Zile 85 zimekuwa 72, gharama ni 60, umebaki na 12. Kwa ziada ya kilowati 12 gari linahitaji dakika nzima kasoro kidogo kutoka 80 hadi 110. Mwanangu, hapo hakuna kulipita lori, hata barabara iwe nyeupe namna gani.

Chukua gari lilelile, uzito uleule, lakini lenye injini ya nguvu farasi 270. Tambarare litachukua sekunde kama 5 badala ya 9. Tofauti ipo, ila mtu anaweza kuivumilia. Kwenye mlima ule, kabla hatujahesabu mwinuko, ni sekunde kama 7 badala ya 23. Injini haijafika hata mara mbili ya nguvu zako, lakini ziada yake mlimani ni zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana wenye magari makubwa hubishana bila mwisho kama injini inatosha au haitoshi. Mmoja anaendesha peke yake kwenye tambarare, mwingine amebeba watu saba milimani, na kila mmoja anasema kweli.

Hii pia ndiyo sababu ya kukosa malalamiko mjini. Gari kama lako likienda 50 bila kupanda wala kushuka linatumia kilowati zisizozidi 8. Injini yoyote inaziweza. V8 kwenye foleni hufanya kazi ndogo kupita kiasi: njia ya hewa imefungwa karibu yote, na silinda nane zinavuta hewa kama mtu anayefyonza maji kwa mrija uliobanwa, na jitihada hiyo inalipiwa kwa mafuta. Kwa mtu ambaye siku nyingi za wiki yuko kwenye mizunguko ya dakika 40, hilo si jambo dogo.

Kuna jambo jingine kwenye barua yako lililonivutia kuliko yote: ule mshale ulioganda kwenye 2,300. Injini yako hutoa torki yake kubwa, yaani nguvu ya kuzungusha, ikikaribia mizunguko 4,000 kwa dakika. Kwenye 2,300 inatoa kilowati zisizofika 60, na baada ya mwinuko na giaboksi kuchukua chao, tairi zinapata 40 na kidogo. Gari lako kwenye mlima ule, kwa spidi ile, lilihitaji kiasi hichohicho ili tu lisipoteze spidi. Kwa hiyo halikuwa na ubishi wala uvivu. Lilikuwa limetoa chote lilichonacho kwenye gia ile, na giaboksi ya hatua nne ikachelewa kushusha. Gia hizo ziko mbalimbali sana. Ikishuka moja, injini inaruka mizunguko zaidi ya elfu moja, ndiyo maana ulipata mshtuko na makelele. Magari ya hatua 6 au 8 yana gia zilizokaribiana, yanateremka kidogokidogo na kukuta pale injini inapovuta vizuri.

Kwa gari zito la kila siku, basi, swali la kuuliza ni: inavuta kiasi gani ikiwa bado iko mizunguko 2,000? Tazama Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi kilichotoka 2009. Iliuzwa na injini ya petroli ya lita 2.7, na baadaye ikapata pia ya dizeli ya lita 2.8 yenye tabo. Kwa CC zinakaribiana mno. Kwa nguvu farasi pia hazijapishana sana. Lakini ile ya petroli hutoa torki ya takriban nyutonimita 246 na inabidi uizungushe karibu 4,000 kuipata. Ya dizeli hutoa 450 kuanzia mizunguko 1,600. Kwenye 2,000, ya dizeli inakupa zaidi ya kilowati 90 na ya petroli haiwezi kuzidi 52. Bodi ni lile lile na CC karibu zile zile, lakini ukiyaendesha utadhani ni magari mawili tofauti. Wala mwinuko hauiathiri sana yenye tabo, kwa sababu tabo inaikandamiza hiyo hewa nyepesi kabla haijaingia kwenye silinda.

Kwa hiyo mwenzako kazini hajakudanganya. Volvo XC90 ya kwanza iliwahi kuuzwa na V8 ya lita 4.4; ya pili, iliyoanza kuuzwa 2015, ina viti saba na injini zake zote ni za lita 2.0. Toyota nao walipoleta Land Cruiser 300 mwaka 2021 waliiondoa V8 ya dizeli ya lita 4.5 iliyotoa hadi nyutonimita 650, wakaweka V6 ya lita 3.3 inayotoa 700. CC zimepungua, mvuto umeongezeka.

Ila nisikufiche upande wa pili wa injini ndogo yenye tabo. Ukiianzisha kutoka kusimama kuna pumzi inachukua kabla tabo haijaamka, na kwenye gari zito utaihisi kila kwenye makutano. Ikibebeshwa mzigo milimani mchana kutwa, inachoma mafuta karibu sawa na injini kubwa, kwa kuwa hewa ile yote iliyosukumwa ndani inadai mafuta yake. Na tabo haivumilii oili chafu hata kidogo. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Anayeahirisha kubadilisha oili anaiua mwenyewe. Injini kubwa isiyo na tabo huwa mvumilivu zaidi, na ukiigusa inaitikia papo hapo. Kwa anayevuta tela zito kila wiki ningemwambia achukue V8 au V6 kubwa bila kusitasita. Wewe huvuti tela.

Kabla ya kuuza chochote, hata hivyo, lirudishe gari lako mahali pake. Zile tairi, mwanangu, zimekunyang'anya nguvu zaidi ya unavyodhani. Kipenyo kimetoka milimita 776 hadi 831, ongezeko la asilimia 7. Kwa kila gia, msukumo unaofika barabarani umepungua asilimia 7 vilevile, ni kama mtu amekuwekea gia nzito bila kukuuliza. Saa ya spidi nayo inakudanganya: ikiandika 70 wewe uko 75, ikiandika 100 uko 107. Tairi hizo pia ni nzito, na uzito unaozunguka ni mgumu zaidi kuuamsha na kuusimamisha. Mume wako ana jicho zuri, gari linapendeza, lakini mwombe kwa upole azirudishe zile za mwanzo. Ukiona ni vigumu kumwambia, msomee aya hii. Keria ifungue usipobeba kitu juu. Kwa spidi ya barabara kuu inashika upepo hata ikiwa tupu.

Kisha hakikisha injini yenyewe ni nzima. Nimekutana na magari mengi yaliyotukanwa kuwa na injini ndogo kumbe filta ya hewa imeziba vumbi, plagi zimechoka, pampu ya mafuta haina msukumo, au katalitiki (kisafisha moshi) imeziba na moshi hautoki. Kuna kipimo kimoja unaweza kukifanya mwenyewe. Baada ya mwendo wa nusu saa usiokuwa na breki nyingi, simama, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Ukikuta moja inatoa joto kuliko yenzake ya upande wa pili, breki ya tairi hiyo inakamata, na injini yako inaburuta gari lililofungwa kamba. Mwambie fundi pia atazame oili ya giaboksi na asikilize kama gia zinateleza.

Wakati huo huo, badilisha namna ya kulipita lori. Usitoke kwanza halafu ukakanyaga. Ukiwa bado nyuma ya lori, umeacha nafasi ya kutosha, vuta mkono wa gia hadi 2, ngoja mshale ufike 3,500 au zaidi, injini iwe tayari inavuta, ndipo utazame mbele na uamue. Kelele zisikutishe, injini nzima haidhuriki kwa mizunguko 4,500. Ukiona kwamba hata kwenye gia ya pili, ukiwa bado nyuma ya lori, gari haliongezi spidi kwa urahisi, umeshapata jibu: mlima huo hupiti. Kaa nyuma, ngoja tambarare au sehemu yenye njia ya ziada.

Kuhusu fundi wenu na injini ya kung'oa na kupachika, nakusihi usikubali. Injini kubwa inataka rejeta kubwa, giaboksi inayoistahimili, waya na kompyuta yake, mara nyingi breki na springi nyingine za mbele kwa sababu ya uzito, na karatasi za gari lazima zibadilike. Waliotengeneza toleo lenye injini kubwa walivibadilisha vyote hivyo kwa pamoja. Anayebadilisha kimoja tu anakupa gari linalokimbia kuliko linavyoweza kusimama, na wewe unabeba watoto.

Ukishafanya marekebisho yote na bado safari ile inakunyima raha, liuze, sitakulaumu. Kwa maisha uliyonieleza, mimi ningetafuta dizeli yenye tabo ya lita 2.8 au 3.0, gia 6 au zaidi. Dakika 40 zako zinatosha injini kupata moto, na safari ya kila mwezi itaisaidia kuchoma masizi kwenye chujio la moshi, kama gari lina chujio hilo. Magari ya dizeli ya karibuni mengi yanalo, na huziba kwa wanaoendesha dakika tano tano tu. Kama hutaki dizeli, basi petroli yenye tabo, au V6 ya lita 3.5 hadi 4.0. V8 mwachie shemeji.

Na unapokwenda kulijaribu, usikubali kuzungushwa mtaa mmoja ukiwa na muuzaji peke yenu. Panda na watu wako wote saba, nendeni kwenye mlima mrefu unaoujua. Simama katikati ya mlima, ondoka taratibu, ukikanyaga mafuta nusu tu. Kisha kutoka spidi 60 panda hadi 90 na utazame mshale wa RPM: ulifika wapi, na gia zilishuka mara ngapi. Rudia mlima huohuo na gari lako la sasa, mzigo uleule, tairi zikiwa zimesharudishwa zile za awali. Niandikie namba za magari yote mawili, tutazitazama pamoja kabla hujatoa pesa yako.